Damu ya Mfano

Watoto wa shule zote alizopita walimwita Shangazi Sindano, na kweli mkono wake ulikuwa mwepesi. Kazi yake ilikuwa kupima kingamwili katika damu ya wanafunzi, ili ijulikane nani aliwahi kushikwa na vile vijidudu vya koo. Vijidudu vyenyewe ni vya hila. Koo linapoa, mtoto anarudi kucheza, kumbe mwili wake umeanza kuupiga vita moyo wake wenyewe.

Shida ilikuwa foleni. Mtoto mmoja akilia, darasa zima linalia, na wale wa nyuma wanatorokea dirishani. Ndipo mama huyu akaanza kwenda na kitindamimba wake, msichana asiyejua woga. Anakaa kitini mbele ya wote, ananyoosha mkono, damu inatoka huku anatabasamu.

"Mmeona?" anawaambia wenzake. "Hata mbu wa kwetu wanauma kuliko hivi."

Watoto wanacheka, foleni inasogea, na mama anavimba kichwa.

Damu ile ya mfano haikuwa ya shule yoyote, kwa hiyo haikupewa namba. Wakirudi maabara, aliitenga na kuimwaga. Ya watoto wa wenzake aliipima kwa makini: tone la maji ya damu kwenye kibao cheusi, tone la dawa, anakitikisa polepole huku akikodoa macho kuona kama chembe zitashikana. Zikishikana, mzazi anaitwa haraka. Jamani, aliokoa wangapi hivyo! Lakini mganga hajigangi. Binti yake alipoumwa koo, alimsukutulisha maji ya chumvi, na alipomwona anaruka kamba tena, akashukuru Mungu na kusahau.

Magoti yakaja kuvimba, leo hili, kesho lile. Kisha msichana akaanza kuhema kwa kupanda ngazi tu. Daktari alimsikiliza kifua, akarudia, akasema vali ya moyo imeharibika.

"Mngewahi kumpima, dada..." alianza, kisha akakumbuka anazungumza na nani, akameza maneno.

Sasa kila mwezi msichana huchomwa sindano ya kuulinda moyo uliobaki, na anayemchoma ni mama yake, hapohapo nyumbani. Siku moja, akiwa amelala kifudifudi akisubiri, aliuliza:

"Mama, ile damu uliyokuwa unanitoa shuleni, majibu yake yalisemaje?"

Uongo ulikuwa karibu, na ungemfaa. Mama aliiweka sindano chini.

"Sikuipima, mwanangu. Nilikuwa naimwaga."

"Yote?"

"Yote."

Msichana aligeuzia uso ukutani. Mama akaichukua sindano, akachoma kwa mkono ule ule mwepesi, na binti yake, kwa mara ya kwanza, akalia.