Jinsi Tulivyoiokoa Deki ya Mukau

Kazi yangu ilianza kwa ndoo. Nilikuwa nimetoka Kabati, Kitui, nikaajiriwa kwenye loji moja karibu na Mtito Andei. Asubuhi ile Fundi Mkuu alitupanga sisi wanawake, akasema, "Leo ni deki. Nikirudi kutoka Makindu nipate iko safi." Kwetu sisi, kupiga deki ni kuosha sakafu kwa maji na kitambaa. Tukachota maji, tukamwaga sabuni, tukaisugua ile sakafu ya mbao iliyo nje ya chumba cha kulia mpaka povu likaanguka kwenye nyasi. Hatukujua kwamba katika lugha ya loji deki ni jina la sakafu yenyewe. Fundi Mkuu alikuwa ameikausha tayari kwa kupakwa mafuta, na alichotaka ni tufagie vumbi tu.

Alirudi na madebe ya mafuta, akasimama.

"Nani amewaambia mmwage maji?"

"Si wewe umesema deki?" nikamjibu.

Alitaka kukasirika ikamshinda, akacheka mpaka akaketi juu ya debe. "Haya mwaitu," akaniambia kwa Kikamba, yaani mama, "wewe mwenye mdomo, utakaa na mimi mpaka ikauke. Utajua deki ni nini." Sidhani kuna mwingine Makueni nzima aliyepata ufundi kwa kuloweka kazi ya mkubwa wake.

Deki ile ilikuwa ya mukau, mti wetu wa nchi kavu. Mchwa hawausumbui sana, lakini jua la Mtito Andei halina huruma kwa mti wowote. Fundi Mkuu alinifundisha kupiga msasa kwa kufuata nyuzi za ubao. Alinifundisha kudondosha maji kabla ya kupaka: yakinywewa, ubao una kiu na uko tayari, yakikaa juu, kuna rangi ya zamani haijatoka. Mafuta ya kwanza yalikuwa na rangi, ya kuurudishia ubao wekundu wake. Ya pili yalikuwa ya kuziba, ili maji yasiingie. Tulipaka jua likishapoa, kisha tukapangusa yaliyobaki juu, la sivyo deki ingenata. Vitambaa vya mafuta tulivitandaza kwenye waya, kwani vikirundikwa vinaweza kushika moto vyenyewe.

"Kichwa cha ubao ndicho kinakunywa sana," alikuwa akisema, akigusa ncha iliyokatwa. "Lisha kichwa kwanza."

Alipostaafu niliachiwa brashi. Miaka kadhaa baadaye Mwenye Loji akapenda mng'aro, deki ikapakwa vanishi nzito. Ilipendeza kweli, wageni wakaipiga picha. Kisha jua likaipasua ile vanishi, maji yakaingia chini yake yakakosa pa kutokea, mbao zikawa nyeusi. Mgeni mmoja akachomwa na kibanzi mguuni. Mwenye Loji akaamua deki ing'olewe, iwekwe zege na vigae.

Meneja, mtu wa Garissa na muungwana sana, aliniita ofisini. "Mama Mwende, kokoto inakuja kesho. Zege haitaki fundi wa mafuta. Wewe na Mbithe, wallahi, sina mahali pengine pa kuwaweka."

Mbithe ndiye niliyekuwa nikifanya naye kazi, mama mwenye watoto shuleni. Nilishikwa na hasira. Nilimwambia, "Meneja, nipe mpaka mvua ya kwanza. Maji yakiingia kwa mbao, mwage hiyo zege yenu, na mimi nitashika koleo niwasaidie."

Akampigia Mwenye Loji simu mbele yangu. "Amekubali," akasema. "Lakini kokoto itabaki hapo nje."

Ikabaki, lundo zima kando ya ngazi, ikitutazama kila siku. Tulikwangua vanishi mpaka mikono ikafa ganzi. Mbao zilizooza tulizibadilisha, nyingine tukazigeuza upande wa chini uje juu. Tukalisha vichwa, tukapaka mafuta ya rangi. Kabla hayajakauka wakaja tumbili, wakatembea juu yake kutoka ukingo hadi ukingo. Mbithe aliona zile nyayo akataka kulia.

"Hao ni wageni pia," nikamwambia. "Leta msasa."

Tulirudia, tukamaliza na mafuta ya kuziba. Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, Mwenye Loji akiwa amekuja kutoka Nairobi kuitazama deki mwenyewe. Tulisimama wote mlangoni. Matone yalituama juu ya mbao, kila moja peke yake, yakaungana, yakateleza kwenye nafasi za kati ya mbao yakaanguka chini. Mvua ilipokatika, Mwenye Loji alivua viatu na soksi, akatembea mpaka mwisho akarudi, akainama kupangusa ubao kwa kiganja.

"Hii iko kavu," akasema. Akamgeukia Meneja. "Hiyo kokoto peleka kwa barabara."

Mbithe akapiga kigelegele, nami nikakipokea kwa nguvu zote. Nilijivuna siku ile, na bado najivuna.

Kwa ninyi mnaoanza kazi hii nasema hivi tu: rudini kila mwaka kabla ya mvua, hata kama deki inaonekana nzuri. Nilipostaafu, loji iliniandalia chakula cha mchana palepale juu ya mbao, mbuzi wa kuchoma na chapati, na kwa mara ya kwanza nikaketi kama mgeni. Mwenye Loji akavuta kiti aje karibu nami, miguu ya kiti ikakwaruza ubao. Kabla sijafungua mdomo, nikasikia sauti ya Mbithe kutoka upande wa pili.

"Mzee, hapa kiti kinainuliwa. Hakiburutwi."

Mwenye Loji akakiinua kwa mikono miwili, akakibeba mpaka mezani. Nilifurahi kuliko siku ya mvua. Nikajiongezea nyama.