Chui Aliyenivua Kofia

Nilipopelekwa kwenye kambi mpya ya askari wa mashua pale Nchelenge, ukingoni mwa ziwa, miaka ya sabini, nilibeba mto wangu wa kulalia, pazia la dirisha moja na kipande cha zulia la mlangoni. Wenzangu walibeba viwembe na picha za wasichana. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilipomaliza sekondari niliomba ukarani. Aliyetusaili akauliza nani anajua Kiswahili, nikanyoosha mkono, kwa sababu mama yangu alizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na kule migodini tulikokulia alitugombeza kwa lugha hiyo. Mkono huo ndio ulionifanya baharia, katika nchi isiyo na bahari.

Kambi yenyewe sikuielewa. Boti zilikuwa mbili: moja majini, nyingine juu ya mapipa, ikingoja kipuri ambacho kila mtu alisema kiko njiani kutoka Mansa. Bendera ilifika kabla ya mlingoti. Tulipewa buti nzito za kuzama nazo mchangani, tukaambiwa tupige saluti kila kamanda anapopanda botini. Mara ya kwanza tulipiga sote tukiwa upande mmoja. Boti ikainama na kamanda akaloa hadi kiunoni. Alikuwa mtu wa kusini, wa ng'ombe na nyasi, na nadhani hata yeye hakujua kwa nini yuko pale. Ila yeye alikuwa na ofisi, biro kama walivyoiita pale, na mwenye biro haonekani amepotea. Pazia langu nililiacha sandukuni.

Kazi yangu ilikuwa kusimama mitumbwi inapotua, niwaulize watu kwa Kiswahili wametoka wapi na wamebeba nini. Nao waliniuliza mimi natoka wapi, mama ni wa ukoo gani. Nilijibu kama nilivyojaza fomu: ukoo wa Mbuzi. Kwetu ukoo ulikuwa neno la kwenye fomu tu. Mama alikuwa mtu wa kanisa, mambo hayo hakuyataka nyumbani.

Alhamisi ya wiki yangu ya pili, mama mmoja mnene aliyekuwa akileta samaki wakavu kutoka Kilwa, kisiwa cha humo humo ziwani, alilisikia jibu hilo. Akaweka kapu chini. Akanizunguka kama anayekagua mnyama sokoni, akanivua kofia ya serikali, akaivaa juu ya kitambaa chake na kurudi mtumbwini.

"Mbuzi yangu imenona," aliwaambia wenzake. "Tutaikula Noeli."

Ufuko mzima ukacheka. Nikabaki na kichwa kilichonyolewa, nikitafuta kifungu cha sheria.

Nilikipata. Nimesoma, bwana. Niliandika kurasa mbili kwamba raia amemvua askari kofia na kumwita mnyama hadharani. Kamanda alizisoma mara mbili kwa furaha. Ilikuwa karatasi ya kwanza ya maana tangu kambi ifunguliwe. Jumatatu, akasema, yule mama atapelekwa polisi, na mtumbwi wake hautatua tena upande huu.

Nikaenda jikoni kujisifu. Mpishi wetu, mwenyeji wa pale pale, alikuwa anasonga bukari, ugali wa kwao. Mwiko ukasimama. Aliniuliza kama ninajua yule mama ni wa ukoo gani. Nikasema swali hilo halimo kwenye daftari langu.

"Ni Chui," akasema. "Chui anakulaka Mbuzi. Ni mutani wako, weye. Ukikufa hapa leo, yeye ndiye atakuosha, si kamanda."

Akanieleza polepole, kama mtoto. Watani huchukuliana vitu na kutukanana, na siku ya msiba hao hao ndio huchimba kaburi. Anayekasirikia utani amesema hana watu. Mimi nilikuwa nimelisema hilo kwa kurasa mbili, na watoto wa yule mama walikula kwa kapu lile.

Nilirudi kwa kamanda kuomba karatasi yangu. Nikamweleza chui, mbuzi, kaburi. Alinitazama sana, akaniuliza kama ninalala vizuri. Mwishowe akasema kofia ikiwa kichwani mwangu Jumatatu asubuhi, hakuna kilichopotea, na hakuna kesi. La sivyo, polisi.

Jumamosi nilimngoja ufukoni, nikakosea mara ya pili, na kosa hili bado linanichoma masikio. Nilimwendea kwa adabu. Nilikunja magoti, nikapiga makofi ya heshima, nikamwomba radhi, nikamwomba kofia tafadhali. Kicheko chake kikaisha. Akaanza kupanga samaki ambao walikuwa wamepangwa tayari.

"Kumbe uko mugeni," akasema. "Enda, bwana mukubwa. Kofia nitaileta mwenyewe kwa biro."

Akiileta kwa biro, amejipeleka polisi kwa miguu yake.

Mpishi alishika kichwa. Kumwomba mtani radhi, akasema, ni kumfungia mlango. Niibe kitu chake, nimtukane mbele ya watu. Nikamwambia sijawahi kumtukana mtu mzima, mama angenisikia kutoka migodini. Tukafanya mazoezi nyuma ya jiko, mimi nikitukana gunia la unga. Kila tusi langu, alisema, lilikuwa kama barua ya kuomba kazi.

Jumapili yule mama alitoka kanisani, akakaa kando ya mtumbwi wake, viatu amevua, kofia yangu imekunjwa mapajani kama mali ya mtu baki. Nilikwenda hadi kwake. Nikaokota kiatu chake kimoja.

"Paka muzee weye," nikasema kwa sauti iliyopasuka, "meno imekwisha, bado unajiita Chui."

Nikaongeza kwamba samaki wake wananuka kama kwapa zake. Hilo halikuwamo kwenye mazoezi.

Nilijua nimeharibu. Kisha akacheka mpaka kitambaa kikamwanguka, akanipigilia kofia kichwani ikashuka hadi puani. Akadai kiatu. Nikakimbia nacho, kwa maana mpishi alisema nisikirudishe upesi.

Jumatatu kamanda aliiona kofia, akazichana kurasa mbili, akaniadhibu kwa kumpotezea muda: nisugue boti ya juu ya mapipa, ambayo maji ilikuwa haijayagusa. Nilikuwa naisugua nilipomwona Chui wangu anapita akichechemea, kiatu mguu mmoja, akiwaonyesha watu Mbuzi aliyemfanya kilema. Alipotufikia akasimama.

"Siku utakufa mu hii mayi ya ziwa," akaniambia, "ni miye nitakuosha. Na ile kofia itabaki yangu."

Kamanda akauliza anasema nini. Kutafsiri ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya.

"Anasema karibu, bwana."

Mchana ule nikaanza kuulizia misumari ya pazia.