Siku Niliyohamisha Kigoda

Mieleka ya siku hizi imeharibika, na mimi nina haki ya kusema, maana nimeitazama tangu mama yake mjukuu wangu hajaota meno. Nilianzia Kagongwa kwenye banda la video, nikiuza karanga za kuchemsha na matobolwa, yale ya viazi vitamu vinavyochemshwa kisha vikaanikwa. Mwenye banda aliniacha nikae ndani kwa sababu mtu akitafuna haondoki. Siku nyingine aliweka karate na mapenzi. Jumapili aliweka mieleka, na hapo nilisahau hata kuuza.

Watu walinicheka. Mke wa mtu, mwanakwaya, anampigia makofi mwanaume aliyevaa chupi akimbwaga mwenzake. Wacheke. Mimi nimezaliwa kwenye mbina, ngoma za mashindano. Baba yangu alikuwa mcheza ngoma, na kwetu Usukumani baada ya mavuno ngoma mbili zinawekwa uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Hakuna refa. Unapiga kura kwa miguu yako. Ukichoshwa na hawa, unahamia kwa wale. Mcheza ngoma akiona watu wanamkimbia analeta kitu kipya: anamvaa chatu shingoni, analala juu ya miiba, ilimradi warudi. Nilipoona mieleka mara ya kwanza nikasema, kumbe Wazungu nao wana mbina.

Wapo wanaoniambia yale ni maigizo, kwamba wanakuwa wameshaelewana nani atashinda. Najua. Sikuzaliwa jana. Wao wameelewana, sawa. Na zile mbao wanazoangukia, zimeelewana na nani?

Ndiyo maana mimi nilikuwa naangalia mkono. Wanamieleka wa zamani, hata yule mbaya kabisa, mwenye kutemea watu mate, akimnyanyua mwenzake juu ya kichwa na kumbwaga, tazama mkono wake. Kabla mgongo haujagusa chini, mkono umeshapita nyuma ya shingo. Anampiga huku amembeba. Mtu asiyejua anaona hasira. Mimi nilikuwa naona kama mama anavyomlaza mtoto aliyesinzia.

Sasa hivi mkono huo umepotea. Wanapanda ngazi, wanavunja meza kwa migongo, na kabla mtu hajaanguka ameshageuza uso atafute kamera iko wapi. Halafu maneno. Mtu anashika kipaza sauti anaongea mpaka ugali unaiva, na bado hajapigana. Bingwa ana mkanda lakini haonekani mpaka wajisikie kumleta. Mbaya wa wiki hii, wiki ijayo ni mwema, na hakuna aliyekuambia amebadilishwa na nini. Nikichukia namchukia nani?

Ingekuwa ya kwenye televisheni tu, ningelalamika nikalala. Lakini mjukuu wangu ameingia humo.

Huyu nimemlea mimi. Alikaa mapajani pangu tukitazama pamoja, na nikimwita mke mwenzangu alinijibu kwamba mume wetu amwache yeye alale upande wa ukuta. Amekua mrefu, ana miguu ya mtu wa kulima pamba. Alikwenda Geita kuwapikia wachimbaji, na huko akakutana na mwanaume mmoja anayezungusha mieleka ya wanawake kwenye vituo vya machimbo, ulingo wake ukiwa umepakiwa kwenye lori. Simwonei aibu mjukuu wangu. Nilipokwenda Geita nikaona bango lake limebandikwa ukutani, amekunja ngumi, nililishika kwa mikono miwili mpaka muuza vocha akaniuliza, "Bibi, umepotelewa na mtu?" Nikamwambia sijapotelewa, nimempata.

Shida ni ulingo wenyewe. Ni mbao zilizopangwa juu ya matairi, godoro jembamba, na turubai juu yake. Kule Geita alibwagwa kwa shingo. Alirudi nyumbani ukimwita anageuka mwili mzima, kama ng'ombe aliyefungwa nira.

Nikamwambia aache.

"Nikiacha nifanye nini, Bibi? Nirudi kwenye sufuria za wachimbaji?"

"Sufuria haikubwagi."

"Inaunguza. Na ukiungua kwenye sufuria hakuna anayekupigia makofi."

Tukacheka wote, yeye akicheka bila kusogeza shingo. Kucheka kwenyewe kulinitia hofu. Nilianza kuota mjukuu wangu amelala kitandani, anasogeza macho tu.

Walipokuja Segese na lori lao nikaenda na kigoda changu, nikakaa mbele upande wa kona yake. Ilikuwa mchana, jua kali, watu wametoka mashimoni na wengine minadani na fimbo zao za ng'ombe. Mpinzani alikuwa binti mnene wa Kahama aliyejipaka usoni vumbi la kijivu la karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Alitisha, sitasema uongo.

Haukupita muda, watu wakafanya wanachokijua. Mjukuu wangu akimpiga mwenzake ngwala, wanakimbilia upande wetu. Yule mnene akimnyanyua, wanahamia kwake. Mwandaaji alipiga kelele kwenye spika, "Jamani, kaeni mlipo," na hakuna aliyemsikiliza. Uwanja mzima ukawa mbina. Ningefurahi, kama nisingekuwa naangalia mkono. Mara mbili yule binti alimbwaga mjukuu wangu, na mara mbili mkono haukwenda shingoni. Mara ya pili nilisikia kichwa kikigonga. Aliinuka akijipapasa kisogo.

Halafu akamwangusha mwenzake, akapanda juu ya nguzo ya kona ili aruke. Mwenzake amelala chini, anamsubiri. Nikamtazama usoni. Hakuwa anatazama atakapoangukia. Alikuwa anatazama watu.

Nikawaza, watu wakiondoka, atashuka. Nikasimama, nikabeba kigoda changu, nikazunguka ulingo kwenda upande wa yule mwingine.

Mama mmoja aliyekaa karibu yangu akaniuliza, "We bibi, huyo si mjukuu wako?"

"Jua limenichoma," nikamjibu.

"Jua gani, na kule ndiko liliko?" Akawageukia wenzake. "Jamani, hata bibi yake kamkimbia." Wakacheka, wakanyanyuka, wakanifuata. Kina mama wakawavuta waume zao, waume wakawavuta wachimbaji. Upande wa mjukuu wangu ukabaki mtupu, vumbi tu.

Mimi, mtoto wa mcheza ngoma, nilisahau mcheza ngoma anafanya nini akikimbiwa.

Aliniona. Akashuka kwenye nguzo, na mimi nikasema asante Mungu. Akapita chini ya kamba, akatoka nje ya ulingo, akaenda kwenye lile lori lililoegeshwa ubavuni, akapanda tairi, akapanda bodi, akasimama juu ya paa la kabini. Watu wote wakamkimbilia. Nilibaki peke yangu nimekaa upande niliouchagua.

Nikamwita kwa jina la nyumbani. Nani asikie, spika zinanguruma. Nikabeba kigoda nirudi, lakini migongo ilikuwa imeziba. Nikapenya kwa viwiko. Alininyooshea kidole kutoka kule juu, watu wakashangilia wakidhani ni sehemu ya mchezo, na akaruka.

Yule binti wa vumbi alikuwa ameinuka, amesimama ukingoni mwa ulingo amepanua mikono ili amdake, na uso wake ameugeuzia simu zilizokuwa zinapiga picha. Mjukuu wangu alimpita begani, akaangukia ukingo wa mbao za ulingo.

Aliinuka. Akanyanyua mkono mmoja, na uwanja ukalipuka kwa shangwe. Wa pili ulining'inia. Mwandaaji alinifuata kunipa pongezi, akisema hajawahi kuona onyesho la namna ile.

Hospitali walisema ni mtulinga, mfupa wa hapa kati ya shingo na bega. Daktari alionyesha kwa kidole umbali uliobaki kufika shingoni. Kilikuwa kidole kimoja.

Kwenye gari tukirudi nyumbani, mkono wake umefungwa kwa kitambaa, aliniuliza, "Bibi, kwa nini ulinihama?"

"Ili ushuke."

"Nilishuka."

"Ukapanda lori."

"Si ulishaniondolea watu? Ulitaka nikae pale nilie?"

Kama ningekaa, angeruka kutoka kwenye nguzo. Nilipohama, akaruka kutoka kwenye lori. Nimelipindua hilo kila upande. Wanaoendesha mieleka ya kwenye televisheni sijui kama wana bibi, lakini wangekuja kukaa kwenye kigoda kile dakika mbili tu, wangeziuza zile ngazi kuwa kuni.

Juzi yule binti mnene alikuja kumjulia hali. Bila lile vumbi ana uso wa mtoto. Alileta nanasi la Geita, akapiga goti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mkono wako ulikuwa wapi?"

Hakunielewa. Nikamrudia: mwenzako anakuja kutoka juu, wewe mkono wako ulikuwa wapi? Akatazama chini.

"Nilikuwa natazama watu, Bibi. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakinitazama."

Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, na maneno mazuri nilikuwa nayo. Yakaisha. Nikamsimamisha, nikaushika mkono wake, nikaupeleka nyuma ya shingo ya mjukuu wangu, taratibu, mpaka kiganja kikajaa. "Hapa. Watu hawaendi popote. Mara ijayo mtazame huyu."

Mjukuu wangu akanitazama.

"Umesikia?" akamwambia mwenzake. "Bibi amesema mara ijayo."

Wakaanza kucheka, yeye akijishika mtulinga kwa sababu kicheko kinamuuma. Nilitaka kulirudisha lile neno, na lilikuwa limeshawafikia. Nikachukua nanasi nikaingia nalo ndani. Nililimenya polepole, nikiwasikia uani wanabishana nani atamdaka nani.