Saa Kumi Bila Kuuliza

Melania alikuwa kwenye soko la vitambaa la Zhongda, Guangzhou, ameshika ncha ya satini na kugombania bei na laoban, mwenye duka, Loyce alipopiga simu. Loyce aliishi chumba kimoja na Felisia, mdogo wake Melania.

"Dada, uko peke yako?"

"Niko na laoban, ananiuzia kwa bei ya kuniua. Sema."

"Kaa chini kwanza."

"Loyce, sema!"

"Felisia ameanguka bafuni. Tumemkimbiza hospitali, lakini moyo umegoma. Ametutoka, dada."

Laoban, asiyejua Kiswahili, alibonyeza kikokotoo na kumwonyesha bei mpya, ya chini. Melania akaiachia satini ikaanguka sakafuni.

Hospitalini, daktari alieleza kwa maneno machache. Kujinyima na kujitapisha kwa muda mrefu kulimaliza chumvi mwilini, zile zinazoufanya moyo upige. Ni maradhi ya kula, akasema. Melania alitikisa kichwa. Yeye maradhi hayo aliyaita kwa jina la mwanamume: Calvin.

Hata hivyo yalianza zamani, kwao Rombo. Mama yao alikuwa akienda kufanya kazi Mombasa, akirudi na kuondoka tena bila kuaga ili watoto wasilie. Felisia akiamka na kukuta kitanda kitupu, vidole vilikuwa baridi, tumbo likajikunja, na uji wote ukarudi. Shangazi alimchapa akidhani ni deko. Mama akirudi, mtoto alikula mpaka akalamba sufuria.

Alipokua alimfuata Melania Guangzhou. Kazi yake ilikuwa kuvaa sampuli za magauni mbele ya simu, wateja wa Moshi na Arusha wakichagua. Alikuwa mcheshi, na akiimba kwenye ibada ya Jumapili watu walisahau kukaa. Ndipo akampata Calvin, muuza vifaa vya simu, mtu wa safari za biashara za mji wa Yiwu na simu iliyozimwa.

"Mama lishe, punguza wali!" Calvin alimtania mbele za watu. "Ukijaza gauni mimi nahama."

Watu walicheka. Felisia naye alicheka, kisha akaenda bafuni.

Calvin akizima simu, Felisia alitetemeka kama mwenye homa, mkono wake kifuani kuutuliza moyo. Hakuweza kumeza hata chai. Akipigiwa, alikula harakaharaka, akajuta, akatapika. Kwenye ibada alisema amefunga, na waumini wakamsifu: dada Felisia ni mtu wa maombi! Hakuna aliyekumbuka kuuliza mfungo ule unafunguliwa lini.

Sasa Calvin alipiga simu kutoka Yiwu, analia.

"Shemeji, tunamuaga saa ngapi?"

"Kesho, saa kumi."

"Asante, shemeji. Mungu akutie nguvu."

"Amina."

Guangzhou, Watanzania wakipeana ahadi huulizana: ya nyumbani au ya Kichina? Saa kumi ya nyumbani ni alasiri. Saa kumi ya Kichina ni asubuhi, ile sisi tunayoiita saa nne. Calvin, kwa kilio chake, hakuuliza. Melania hakumkumbusha.

Loyce alikuwa amesikia yote. "Dada, huyo atakuja jioni! Jeneza litakuwa limeshapelekwa uwanja wa ndege."

"Felisia alimngoja miaka yote. Na yeye akione kitanda kitupu."

"Kisasi tumwachie Mungu."

"Nitamwachia. Nikishamaliza."

Asubuhi walimvalisha Felisia gauni la bluu alilolipenda. Lilimpwaya, kwa hiyo Melania alilibana mgongoni kwa pini, kama alivyozibana sampuli. Ukumbini simu ilitetemeka ndani ya mkoba wake. Ulikuwa ujumbe wa Calvin: "Shemeji, nimeshuka kwenye treni. Napitia maua. Kabla ya saa kumi nitakuwa hapo." Muda wa kumwita ulikuwepo. Melania aliusoma ujumbe mara mbili, akazima simu.

Mzee Anatory, aliyeongoza ibada, alimsogelea. "Mama, kuna mtu wa kumngoja?"

Vidole vya Melania vilikuwa baridi, na tumbo limejikunja. Loyce alimkazia macho.

"Hakuna, mzee. Endelea."

Mzee Anatory aliomba. Waliimba wimbo ambao Felisia alizoea kuuanzisha, safari hii ukaanzishwa na Loyce, chini mno. Walipita kwa mstari mmoja mmoja, na Melania akawa wa mwisho. Alimrekebishia kola, akamgusa paji la uso, akasema, "Lala, mdogo wangu. Nyumbani wanakusubiri." Akasogea pembeni. Wafanyakazi wawili walifunga kifuniko, wakalisukuma jeneza hadi kwenye gari. Gari likaondoka.