Nilifunza Dadangu Bahari na Mimi Sijawahi Iona

Wacha niseme ile ya aibu kwanza, ndio mkicheka mmalize mapema. Mimi ndio nilifunza dadangu kuogelea baharini, na bahari yenyewe sijawahi iona. Hata kwa mbali! Maji mingi nimewahi ingia ni ya karai.

Makosa ni yangu. Msitafute mwingine.

Niliacha shule Form Two, nikapata mjengo Kitengela, kukoroga simiti. Sasa nyumbani, mtaa wa Satellite hapa Nairobi, nitaambia watu nini, na vile nilikuwa najigamba? Nikasema nimepata kazi ya hoteli Mombasa. Eti napeleka wazungu kisiwani kuona samaki chini ya maji! Krismasi ikifika napitia soko ya Wakulima pale tao, nanunua nazi, nafika nayo kwa mathe, mamangu, kama imetoka pwani. Jua ya Kitengela ilikuwa imenichoma vizuri, so hata ngozi ilikuwa shahidi.

Halafu dadangu Shiru akachumbiwa na Wafula, beshte yangu tangu primary huko Jamhuri. Na mnajua komiti zetu za harusi. Jumapili baada ya ibada, chai na mandazi, kila mtu anapewa kazi yake. Huyu keki, huyu magari. Ikafika hanimuni, na walikuwa wanaenda kisiwa ya Wasini. Anko wetu, ndio alikuwa chairman, akanionyesha kidole: "Hii ni ya kijana wetu wa Mombasa. Simama uwape mawaidha."

Si ningekaa tu! Lakini watu walipiga makofi.

Nikasimama. Nikawaambia ile miwani ya kuogelea unaitemea mate ndani, unasugua, ndio isishike ukungu. Hiyo nilisoma kwa gazeti ya kinyozi, na ni ya ukweli. Ndio iliniharibu. Ukweli moja ikanipea nguvu ya kudanganya hiyo ingine yote. Nikasema ukichoka unasimama tu juu ya mawe. Nikasema guide ni wa nini. Halafu nikasema, Mungu anisamehe: "Wakiwapea jaketi ya kuelea, kataeni. Hiyo ni ya watalii waoga. Maji ya chumvi inakubeba yenyewe, kama kitanda."

"Eeeh!" watu wakasema. Shiru akaniangalia na ile macho ya huyo-ni-brathe-yangu. Wafula alikuwa anaangalia viatu zake. Nilidhani ni haya ya bwana harusi.

Harusi ikaisha, wakaenda. Siku moja niko kwa kinyozi, kichwa nusu imenyolewa, simu inalia. Wafula! Nikaweka loudspeaker ndio watu wasikie vile mtaalamu hupigiwa.

"Waulize kama samaki wanatusalimia," kinyozi akasema, watu wakacheka.

"Shiru amekunywa maji," Wafula akasema. Sauti yake sikuijua. "Mtu wa boti ndio amemtoa. Anatapika, hanijibu. Nifanye nini? We niambie, nifanye..."

Ikakatika.

Kinyozi akazima mashine. Wote wananiangalia. Mzee mmoja akasema, "Si umpigie umwambie? Si wewe ndio unajua huko?"

Nilitoka mbio na kitambaa shingoni, nikanunua kadi ya kredo ya simu, nikaikwangua na haraka mpaka namba zikafutika. Nikanunua ingine. Nikapiga. Hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani.

Mathe alinipata nimekaa kwa mtaro, nimefanana na shamba imelimwa nusu. Nikamwambia. Akashika kifua, akasema, "Lakini si uko na wenzako hapo hotelini? Wapigie wamwangalie mtoto wangu."

Wenzangu gani, jameni? Wenzangu wako Kitengela na sepetu.

Unajua nilisema nini? "Sawa mathe." Hata hapo nilidanganya!

Mpaka jioni ndio Wafula akapatikana. Shiru alikuwa kwa kliniki, anapumua, anaongea kidogo. Walirudi mapema. Alikohoa wiki mingi, na hanimuni yake ikaisha hivyo, kwa kitanda ya kliniki.

Nilienda kwao nikamwambia Shiru yote. Hakunipigia kelele. Aliuliza kitu moja tu: "Kwa hivyo hata zile nazi?"

Nikasema zilikuwa za Wakulima.

Akaamka akaenda jikoni. Mpaka leo akinipea chai anaangalia kikombe, haniangalii. Nimejaribu kumchekesha, na mimi kuchekesha watu ndio kitu pekee naweza. Imekataa.

Wewe unayesoma hii, kama hujui, sema hujui! Aibu ya kukaa chini ni ya dakika. Na ukienda kisiwani, sikiza mtu wa boti. Vaa hiyo jaketi, ufunge. Hiyo ndio mawaidha yangu yote ya bahari, na aliyeilipia si mimi.

Siku hiyo nilisema yote, Wafula alinisindikiza mpaka barabarani. Nilingoja anitukane. Akasema polepole:

"Mimi nilikuona Kitengela kitambo, umebeba karai. Nikajificha nyuma ya lori ndio usione aibu. Hata nikikupigia simu nilijua hujui, ni woga tu. Na kwa boti, hiyo jaketi ya Shiru ndio nilikuwa nimeshika. Akaniambia, 'Weka chini, brathe amesema.' Nikafikiria nikifungua mdomo nitakuanika. Nikaiweka chini."