Viatu Vyangu Kwenye Ngazi za Ndege

Sisi tuliokua tukipata viatu vipya Idi kwa Idi tunajua kwamba kiatu hakikanyagi zulia la watu. Hilo nililijua vizuri nikiwa na miaka tisa, kule Masaki ya Kisarawe. Na niseme mapema ni Masaki ya Kisarawe, yenye mihogo na mikorosho, maana vijana wa leo ukiwaambia umekulia Masaki wanadhani ni ile ya mjini yenye mageti, wanaanza kukuita bosi. Bibi yangu mzaa mama hakuwa na zulia, alikuwa na mkeka, na aliyeukanyaga na viatu alirudishwa mlangoni kwa ufagio. Basi siku tuliyopanda ndege kwenda Ufini, nilipofika juu ya ngazi nikachungulia ndani nikaona zulia la buluu limetandikwa mpaka mwisho, nilifanya kama nilivyofundishwa. Nikavua viatu vyangu vyeupe, nikavipanga pembeni ya mlango, nikaingia kwa adabu zangu zote.

Nayaandika haya nikiwa Kibaha, nyumbani kwangu nyuma ya maduka ya Maili Moja, na nyumba iko kimya. Mama tumemzika wiki tatu zilizopita. Maishani mwake aliniomba mambo mengi, lakini kuhusu kifo chake aliniomba moja tu: "Siku yangu ikifika, muiteni Mihayo." Siku yake imefika, imepita, na Mihayo sikumuita. Tangu hapo mpaka juzi nilikuwa silali vizuri, na chakula hakipiti. Nilikuwa nakunywa chai tu kama mgonjwa.

Mihayo alikuwa nani? Nitafika. Kwanza nimalize ya viatu.

Baba alikuwa bwana misitu, na alipata nafasi ya kwenda kusoma miaka miwili huko Ufini pamoja na familia. Siku ya kuaga, Mama alilia mpaka kanga ikalowa. Bibi hakulia. Alituma watoto wakamate kuku, akavuta ugoro wake, akapiga chafya tatu, akamwambia Mama, "Nenda na mumeo. Mimi sina haraka ya kufa." Mama akayashika maneno yale kama hati iliyopigwa muhuri.

Tulipofika kwenye uwanja wa kubadilishia ndege ndipo Mama alipoona nyayo zangu. "Mwanaidi, viatu viko wapi?" Nikamjibu bila wasiwasi kwamba viko mlangoni. Baba akacheka, kisha akaacha kucheka, kisha akakumbuka kwamba tunakokwenda kuna theluji. Begi la nguo nzito lilikuwa limeshapita kwenye mizigo. Mama akachana kanga yake vipande viwili, akanifunga miguu yote kama mtu aliyeungua, na ndivyo nilivyoingia Ulaya.

Kwenye ukaguzi yakatukuta mengine. Mama alikuwa amebeba mfuko wa makopa, ile mihogo mikavu ya kusaga unga. Askari akayatazama, akanusa, akagonga moja mezani likalia ko! Akamwita mwenzake, naye akamwita mwenzake. Baba hakujua makopa yanaitwaje kwa Kiingereza, akaona isiwe taabu, akalitia moja mdomoni kuonyesha ni chakula. Aliling'ata, halikung'atika. Akasimama pale na kopa shavuni, anatabasamu, macho yamemtoka, mpaka yule askari akatuonea huruma akatupungia mkono tupite.

Nje alikuwa anatusubiri mtu mmoja mrefu, mweusi kama sisi, kavaa kofia ya manyoya yenye masikio. Alikuwa mwanafunzi wa Kitanzania, ametumwa atupokee. Baba akamuuliza kwao wapi, akasema Tabora, ni Mnyamwezi, jina lake Mihayo. Baba, ambaye tangu alfajiri alikuwa amenywea, akafufuka. "Mpagazi! Afadhali umekuja. Mizigo ya Wazaramo hii hapa, beba."

Mihayo akaitazama miguu yangu. "Wazaramo nyinyi! Mnakuja Ulaya peku? Na ngoma yenu mmeiacha kwa nani?"

Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu Kisarawe.

Wenzangu hamhitaji maelezo, lakini wadogo zetu naona mmekunja uso. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu zama za misafara ya kwa miguu. Mtani anakutukana na hununi. Anachukua nyama sahanini kwako na humsemi. Ila ana kazi, na kazi yake inaonekana msibani. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anagomba kama marehemu, mpaka wafiwa wacheke. Wasipocheka, hajamaliza.

Maisha ya Ufini yalikuwa na vichekesho, lakini yalikuwa na upweke sijapata kuona. Nyumbani kwa Bibi nilikuwa nacheza rede na watoto kumi na tano, tunagombania nani akae katikati, nani amedanganya. Kule nilijaza mchanga kwenye soksi za Baba, nikashona mpira wa rede, nikawa naurusha ukutani, naukwepa mwenyewe, najihesabia mwenyewe, na bado nilishindwa. Kwenye ngazi za ghorofa tulilokaa nilimwamkia kila mzee aliyepita, "Shikamoo!" Hakuna aliyeitikia. Mmoja aliingiza mkono mfukoni akanipa peremende, nadhani alifikiri naomba. Nilirudi ndani nikalia, na peremende nikala.

Mama naye yalimkuta. Jirani wa chini alimkaribisha kwenye chumba chao cha mvuke, ambacho kila jengo lilikuwa nacho, na Mama kwa heshima akaenda na kanga zake mbili. Alipofungua mlango akawakuta wanawake watano wamekaa kama walivyozaliwa. Alipanda ngazi mbio. "Nimetoka Kisarawe kuja kuvuliwa nguo na watu wazima?" Baba alicheka mpaka akakaa chini. Lakini wiki iliyofuata Mama akarudi, akakaa pembeni na kanga zake, na wale wanawake wakamwacha. Ikawa kila Jumamosi. Siku moja akaniambia ndipo mahali pekee kule penye joto la kwetu, na kwamba mle ndani mtu akilia haonekani, kwa sababu kila mtu uso umelowa.

Mihayo alikuwa anasoma mji mwingine, saa nne kwa treni, lakini hakukosa mwisho wa mwezi. Alitembea kwenye theluji ananyanyua magoti kama mtu anayevuka jaruba la mpunga, na bado alianguka. Akianguka hainuki upesi. Anakaa palepale, anavua kofia, anasema, "Shikamoo theluji." Kisha ananigeukia, "Na wewe Mzaramo, viatu unavyo leo?" Halafu anakula chakula chetu chote na kusema Wazaramo hawajui kupika. Mimi nilimsimulia habari za Bibi bila kuchoka, na alisikiliza kwa makini. Hakuna mtu mwingine kule aliyekuwa na hamu ya kumjua Bibi yangu.

Mwaka wa pili, barua ikaja kutoka kwa mjomba. Bibi alikuwa amefariki, na mpaka tunaisoma alikuwa na wiki tatu kaburini.

Mama hakulia. Afadhali angelia. Alikaa kwenye kiti mbele ya dirisha, mikono juu ya kile chuma cha ukutani kinachotoa joto, akatazama nje. Nyumbani kungekuwa na mikeka uani, wanawake wa Masaki na wa Msimbu jirani wamejaa, sufuria ziko motoni, mtu anamshika mkono hata asipotaka. Kule mlango ulikuwa umefungwa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, Mama hali, hasemi. Baba alipika uji ukaganda. Mimi niliogopa hasa. Niliona Mama anakwenda alikokwenda Bibi, na mimi nimesimama pale na kijiko.

Baba akampigia simu Mihayo. Kesho yake mchana akabisha. Hakuingia sebuleni kwanza, alinivuta jikoni, akachuchumaa tukalingana macho. Sikuwahi kumwona hana mzaha.

"Mwanaidi, mimi bibi yako sikumwona. Nifundishe. Alikuwa anatembeaje?"

Nikamfundisha. Mkono mmoja kiunoni kwa nyuma, mwingine mbele unafukuza kuku. Hatua tatu, anasimama, anajifunga kanga upya. Ugoro, chafya tatu, "astaghfirullahi" moja. Nilimrekebisha kama mwalimu mkali: kiuno zaidi, mjomba, kiuno zaidi. Akachukua kanga ya Mama akajitanda, nyingine akafunga kichwani juu ya ndevu zake, akatoka mpaka nje ya mlango, akapiga hodi.

"Hodi humu! Nimekuja kuiona hiyo Ulaya iliyomzuia binti yangu asinizike!"

Baba alishtuka, akataka kumzuia. Mimi nikajua limeharibika. Mama aligeuza shingo polepole. Mihayo akapita katikati ya sebule, mkono kiunoni, anafukuza kuku wasiokuwepo. Akasimama kwenye kile chuma cha joto, akakigonga. "Hili nalo jiko? Mbona halipiki? Ndiyo maana umekonda hivyo. Nilikwambia sina haraka, sikukwambia nitakaa nikusubiri mpaka mumeo amalize kusoma!" Akapiga chafya. Moja, mbili, ya tatu ikagoma, akakaa na mdomo wazi anaisubiri.

Mama akapasuka kicheko. Alicheka mpaka akashuka kwenye kiti, na palepale chini kicheko kikageuka kilio, akalia kwa sauti kubwa kama wanavyolia kwetu, anamtukana Mihayo: "Mshenzi wewe! Mpagazi mkubwa wewe!" Mihayo naye machozi yanamtoka chini ya kanga. Kisha Mama akajifuta uso, akainuka, akaenda jikoni akasonga ugali wa ule unga wa njano wa Wafini. Tukala sahani moja watu wanne, na yeye akala. Siku hiyo ndipo aliposema hakumzika mama yake yeye, alizikiwa na mtani, na kwamba siku yake ikifika tumuite Mihayo.

Tuliporudi nyumbani, Ufini haikumtoka Mama mwilini. Mpaka uzee wake hapa Kibaha, jua limechachamaa, akitoka nje kuingia ndani alifikicha viganja na kuviweka ukutani kama anatafuta joto. Na nikitoka tu, hata kwenda sokoni, "Mwanaidi, viatu unavyo?" Nina miaka zaidi ya hamsini. Nilikuwa nachukia kidogo. Mungu anisamehe.

Msiba wake ulikuwa wa kisasa. Turubai, viti vya kukodi, spika, kundi la simu lenye watu mia mbili. Wapwa zangu walituma vikaragosi vya kulia, vinne vinne, halafu mmoja akaja msibani akauliza neno la siri la intaneti. Sisi tulikwenda Ulaya barua zikachukua wiki tatu. Wao mtu akipanda ndege, nchi nzima inajua amekaa dirishani, na naamini viatu vyake anavyo. Tulimzika Mama Masaki, karibu na Bibi, vizuri, haraka, na hakuna aliyecheka. Mihayo tulipoteana naye tangu Baba alipofariki. Nilisema nitamtafuta baada ya mazishi, na nilijua ninajidanganya.

Juzi nikaipata namba ndani ya daftari la zamani la Baba. Ikaita. Akapokea binti, akaniamkia vizuri, akasema yeye ni Kabula, mjukuu wa Mzee Mihayo, na simu ameirithi yeye. Babu amefariki mwaka jana.

Nilikaa chini. Basi na yeye hakupata mtani. Mtu aliyesafiri kwa treni saa nne nzima aje kunifukuzia kuku wa bibi yangu, kaenda zake na hakuna Mzaramo aliyevaa kofia yake. Nikaona aibu. Nikamuuliza Kabula kama kuna aliyemwigiza babu yake msibani. Akasema, "Kumwigiza kivipi, shangazi?"

Basi nikamweleza. Nikamwambia alivyonyanyua magoti, alivyoanguka, alivyovua kofia akasema shikamoo theluji. Nikasikia mikwaruzo, nikadhani simu inakatika. Kumbe anacheka, na kamasi zinamtoka. Akasema mpaka anakufa, babu akijikwaa uani pale Tabora alikuwa anasema "Shikamoo theluji," na wao walidhani ni uzee.

Kisha akaniuliza, kwa upole, "Na mama yako, shangazi? Alikuwa anatembeaje?"

Nikaihamishia simu sikio la pili. Nikamwambia. Akasema nikate, atapiga ya video. Ikaingia, nikamwona binti mwembamba amejitanda kanga, ameegemeza simu mahali. Nikamrekebisha: polepole zaidi, goti la kushoto lilikuwa linamsumbua. Akatoka nje ya picha, akarudi kwa kuchechemea, akafikicha viganja, akaviweka ukutani. Akanigeukia na kukunja uso.

"Mwanaidi, viatu unavyo?"

Nilicheka sijui kwa muda gani. Nililia kwa sauti ambayo majirani wa Maili Moja bila shaka waliisikia, ingawa siku hizi jirani hagongi mlango, anatuma ujumbe. Katikati ya hayo bando likaisha, picha ikaganda, kisha kioo kikawa cheusi nikabaki najiona mwenyewe.

Enzi zile mtani aliingia mwili mzima, theluji mabegani, akala chakula chetu chote. Huyu amekuja dakika nne na hata chai sikumpa. Lakini amekuja. Niliinuka nikaenda jikoni, nikasonga ugali. Ulikuwa wa mtu mmoja, na niliumaliza.