Simu Kwenye Nguzo ya Boma

Dada yangu alikuwa mhadhiri wa mambo ya malisho, ameolewa katika boma moja la Wamaasai nje ya Kitengela. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili aliomba skolashipu ya utafiti ng'ambo, ile ya wanawake wanaofundisha vyuo vikuu. Wangempigia Jumamosi asubuhi wamhoji. Mtandao ulishika mahali pamoja tu, kwenye nguzo ya lango la ng'ombe, kwa hivyo tuliining'iniza simu pale kwenye msumari.

Tulingoja tangu ng'ombe watoke. Dada hakumeza hata chai. Alipoingia ndani kumtuliza mtoto, simu ikalia, na mama mkwe wake akaichukua.

"Sopa! Huko kwenu mvua imenyesha? Watoto wako wazima? Na ng'ombe?"

Dada alikuja mbio, akasimama ghafla. Mama mkwe hanyang'anywi kitu mkononi, na mgeni hapitishwi kwa mwingine kabla salamu hazijaisha.

"Mwambie aharakishe," alininong'oneza, machozi yakimlengalenga.

"Mimi? Mwambie wewe, ni mama yako."

Hatimaye mama mkwe aligeuka. "Nimemuuliza habari ya ng'ombe, anasema 'yes, yes'. Mtu ako na ng'ombe hawezi kukuacha ulale njaa. Enda."

Dada akaiweka simu sikioni. Mwanamke aliyepiga kutoka ng'ambo alikuwa bado yuko kwenye laini, anacheka.

Alienda, akakaa mwaka, akarudi. Mimi nimehama miji mingi tangu hapo, na simu ikilia asubuhi, bado natazama kwanza ni nani aliye karibu nayo.